Mahubiri Yasiyo na Maneno

Usione vyaelea, vimeundwa. Ndivyo wasemavyo wazee wa pwani. Mtu asimamaye ufukoni huona jahazi likikata maji, tanga limejaa upepo, naye hudhani kuwa ni jambo jepesi. Hamfikiri fundi aliyezichonga mbao, wala hazihesabu siku alizokaa juani akitia kalafati. Somo hili ni habari za chombo kingine, si chombo cha bahari bali chombo cha muziki, na za watu wawili waliokiunda. Wa kwanza alikiunda kwa chuma na waya. Wa pili alikiunda mara ya pili, ingawa hakuongeza hata msumari mmoja. Alikiunda kwa vidole vyake na miguu yake.

1. Kinanda cha mabomba

Tangu karne nyingi makanisa makubwa ya Ulaya yana vinanda vya mabomba. Kinanda cha namna hii huimba kwa pumzi. Upepo husukumwa na mivukuto, mfano wa ile ya mhunzi, ukaingia katika mabomba yaliyosimamishwa safu kwa safu. Bomba refu hutoa sauti nzito, na bomba fupi hutoa sauti nyembamba. Mpigaji akibonyeza kibao kwa kidole, mlango wa bomba lake hufunguka, na bomba likaimba. Kwa miguu yake hukanyaga vibao vingine vikubwa, navyo hutoa zile sauti nzito ambazo mtu huzisikia kifuani kabla ya kuzisikia masikioni.

Uzuri wake ni mkubwa, na gharama yake ni kubwa vile vile. Kinanda kikubwa huwa na maelfu ya mabomba, nacho hujengwa pamoja na nyumba yenyewe. Hali ya hewa ikibadilika kuwa joto au baridi, sauti nazo hubadilika, na fundi huitwa azisawazishe. Kanisa la watu wachache wasio na mali liwezeje kupata chombo kama hicho?

2. Fundi wa saa

Mwaka 1895 mtoto alizaliwa katika mji wa Evanston, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Jina lake Laurens Hammond. Alipokuwa kijana alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Cornell, akawa mtu wa kuvumbua vitu. Jina la mtu huyu limeandikwa juu ya maelfu ya vinanda, na ajabu ni hii, kwamba yeye mwenyewe hakujua kupiga kinanda. Kazi yake ilikuwa saa. Alivumbua mota ndogo iliyozunguka kwa kufuata mapigo ya umeme yatokayo katika mitambo ya mji. Na kwa kuwa mapigo hayo huenda kwa mwendo mmoja, saa yake haikuchelewa wala haikutangulia. Mwaka 1928 alianzisha kampuni ya kutengeneza saa hizo. Lakini haukupita muda mrefu biashara ikaharibika Marekani nzima, watu wakakosa kazi, na saa hazikuuzwa kama kwanza. Ikawa lazima Hammond atafute kitu kingine cha kutengeneza.

Basi akaitwaa mota ile ile iliyozungusha mishale ya saa, akaipa kazi ya kuzungusha magurudumu ya sauti. Ndani ya kinanda chake mna magurudumu 91 ya chuma, na upana wa kila moja hauzidi inchi 2. Ukingo wa gurudumu una meno. Mbele ya kila gurudumu pana kijiti cha sumaku, nacho kimezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Gurudumu likizunguka, kila jino lipitapo karibu na sumaku huitikisa nguvu yake kidogo, na umeme kidogo huzaliwa katika waya. Umeme huo huongezwa nguvu, kisha hupelekwa kwenye kipaza sauti. Meno yakipita mara 440 kwa sekunde moja, hewa nayo hutikiswa mara 440, na sikio husikia noti ile ambayo wapigaji huitumia kupatanisha vyombo vyao. Sauti nzito hutoka katika magurudumu yenye meno machache, na sauti nyembamba katika yale yenye meno mengi.

Tena Hammond aliweka vijiti vya kuvuta, 9 katika kila safu. Kila kijiti huongeza au hupunguza sauti moja katika mchanganyiko. Kama vile mpishi wa pilau atiavyo bizari, mdalasini na iliki kwa kadiri ya ulimi wake, ndivyo mpigaji avutavyo vijiti hivi, hata apate sauti aitakayo.

3. Shauri la mwigaji

Mwezi wa Januari 1934 Hammond aliomba hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi wake, akaipata mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Mwaka 1935 kinanda kikaanza kuuzwa. Hakikuhitaji mivukuto, wala mabomba, wala chumba chake peke yake. Makanisa mengi madogo yakakinunua kwa furaha.

Lakini kampuni ilitangaza maneno makubwa. Ilisema kwamba kinanda hiki chaweza kutoa sauti za kinanda cha mabomba bila upungufu. Wajenzi wa vinanda vya mabomba wakakasirika, na tume ya serikali ya Marekani iangaliayo haki katika biashara ikalichukua shauri hilo. Mwaka 1937 jaribio likafanywa katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago. Humo mlikuwa na kinanda cha mabomba kilichogharimu dola 75,000. Pamoja nacho kikawekwa kinanda cha Hammond, ambacho bei yake haikufikia dola 3,000. Wajuzi wa muziki na wanafunzi wakaketi kusikiliza, bila kuonyeshwa ni chombo kipi kilichokuwa kikipigwa, na kila mmoja akaandika alivyodhani. Wajuzi walikosea karibu mara moja katika kila mara 3. Wanafunzi walikosea karibu nusu ya mara zote, ndiyo kusema kwamba walikuwa wakibahatisha tu.

Hata hivyo, mwaka 1938 tume iliamuru kampuni iache kutangaza kwamba kinanda chake ni sawa na kile cha mabomba. Kinanda kikaendelea kuuzwa, lakini jina likakishika: mwigaji. Na mwigaji, hata akiiga vizuri namna gani, husifiwa kwa jina la mwingine. Wajuzi wengi wakakiona kuwa ni kitu cha maskini, cha kutumiwa na mtu aliyekosa kilicho bora. Hapakuwa na mtu aliyeuliza kama chombo hiki kina sauti yake chenyewe.

4. Kijana katika ghala

Kati ya makanisa yaliyonunua kinanda cha Hammond, mengi yalikuwa ya Wamarekani Weusi. Huko hakikupigwa kwa upole tu, bali kiliitikia mahubiri, kikalia na waliao na kushangilia na washangiliao. Kutoka makanisani kikaingia katika kumbi za muziki. Katika miaka ya 1950 mpigaji mmoja, aitwaye Wild Bill Davis, alisifiwa sana kwa namna alivyokipiga kwa nguvu, hata ikawa kama watu wengi wanapiga pamoja.

Miongoni mwa waliomsikia alikuwamo James Oscar Smith, ambaye watu walimwita Jimmy. Alizaliwa tarehe 8 Desemba, katika miaka ya 1920, katika mji wa Norristown karibu na Philadelphia. Wazazi wake wote wawili walijua kupiga piano, na Jimmy alianza kuipiga akingali mtoto. Alitumikia katika jeshi la majini. Aliporudi, akasoma muziki katika shule za Philadelphia, kisha akafanya kazi ya kupiga piano katika bendi. Tayari alikuwa na riziki yake. Lakini alipoisikia sauti ya Hammond, moyo wake ukahama.

Sasa litazame jambo hili vema, ewe msomaji. Mtu ajuaye piano hajui kinanda hiki. Piano ina safu moja ya vibao. Hammond ina safu mbili za mikono, kila safu ina vibao 61, na chini yake pana vibao 25 vya miguu. Katika piano, ukigusa kwa nguvu sauti huwa kubwa, na ukigusa polepole huwa ndogo. Katika Hammond nguvu ya kidole haibadilishi ukubwa wa sauti. Hilo ni kazi ya mguu wa kulia, ukanyagao kibao cha peke yake. Basi mtu huyu, aliyekwisha kuwa fundi, alipaswa kuwa mwanafunzi tena.

Jimmy alinunua kinanda chake, akakiweka katika ghala huko Philadelphia, akajifungia nacho. Hakuwa na mwalimu. Alichora karatasi kubwa yenye mfano wa vibao vya miguu, akaibandika ukutani mbele ya macho yake, ili aweze kuujua mahali pa kila noti bila kuinamisha kichwa. Siku kwa siku akarudia, mguu wa kushoto, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mpaka kila kiungo kikajua kazi yake bila kumwuliza mwenzake. Akaendelea hivyo kwa muda wa karibu mwaka mmoja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alifanya na jambo la pili, nalo ndilo lililo kubwa zaidi. Hakuwaiga wapiga vinanda. Alisikiliza santuri za wapiga saksafoni, akajaribu kuupa mkono wake wa kulia maneno yao: sentensi ndefu, kisha kituo, kama mtu avutaye pumzi. Mkono wa kushoto ukatembea na sauti nzito, na mguu ukazigonga kidogo noti zake ili zisikike kwa ukali. Katika vijiti 9 vya mkono wa kulia mara nyingi alivuta 3 vya kwanza hata mwisho, akaviacha 6 vimefungwa. Sauti ikawa safi, kavu, yenye makali. Hata kasoro za chombo zikapata kazi. Kila kibao cha Hammond kikibonyezwa hutoa kishindo kidogo, tak, mwanzoni mwa noti. Mafundi walikihesabu kuwa ni aibu wakataka kukiondoa. Wapigaji wa jazi wakakipenda, maana kilifanya kila noti ianze kama pigo la ngoma.

Vivyo hivyo kwa kipaza sauti. Mtu mmoja wa California, Don Leslie, alikuwa amebuni kipaza sauti chenye sehemu za kuzunguka, ambacho huifanya sauti itetemeke na kutembea chumbani. Hammond mwenyewe hakukipenda, wala hakutaka kiuzwe pamoja na vinanda vyake. Wapigaji walikitafuta huko huko kilikokuwa.

5. Santuri ya dakika 20

Mwanzoni mwa mwaka 1956 Jimmy Smith alikuwa akipiga katika ukumbi wa Small's Paradise, mtaa wa Harlem, mjini New York. Wakaja kumsikiliza Alfred Lion na Francis Wolff, watu wa Berlin waliohamia Marekani, ambao walikuwa wakiiendesha kampuni ya santuri ya Blue Note. Mwezi wa Februari mwaka ule ule walikuwa wamekwisha kumpeleka kwa Rudy Van Gelder, fundi wa kunasa sauti. Van Gelder mchana alikuwa mpima macho, na chumba chake cha kunasia sauti kilikuwa sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Santuri ya kwanza ikatoka, ikampa Jimmy jina. Zikafuata nyingine nyingi.

Katika hizo, moja yafaa kukumbukwa hasa. Jina lake ni The Sermon!, maana yake Mahubiri, nayo ilitolewa mwaka 1959. Ina nyimbo 3 tu. Mmoja waitwa J.O.S., ndizo herufi za jina lake, nao ulinaswa mwezi wa Agosti 1957. Wa pili ni Flamingo, wimbo wa taratibu. Lakini ule ulioipa santuri jina lake ulinaswa tarehe 25 Februari 1958, nao huchukua dakika 20 na zaidi, upande mzima wa santuri. Zamani jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu sahani za zamani za gramafoni zilichukua dakika 3 au 4 tu kwa kila upande. Ni tangu mwaka 1948, santuri zizungukazo polepole zilipoanza kuuzwa, ndipo mpigaji alipopata nafasi ya kusema neno lake mpaka mwisho.

Mahubiri haya hayana maneno, wala hakuna mtu aimbaye. Jimmy aliyatoa kwa heshima ya mpiga piano mwenzake, Horace Silver. Umbo lake ni bluzi, yaani mzunguko wa vipimo 12 unaorudi tena na tena kama kiitikio. Kinanda huanza kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mhubiri mwenye hekima ambaye hapigi kelele dakika ya kwanza. Husema neno, hunyamaza. Hulisema tena, akiligeuza kidogo. Nyuma yake Art Blakey ashika ngoma, wala haongezi mwendo. Kisha wengine husimama mmoja mmoja kutoa ushuhuda wao: Kenny Burrell kwa gitaa, Tina Brooks na Lou Donaldson kwa saksafoni, na Lee Morgan kwa tarumbeta. Lee Morgan siku ile alikuwa na umri wa miaka 19 tu. Wenzake walimpa zamu yake kamili kama walivyopewa wakubwa.

Angalia yale afanyayo Jimmy wakati wenzake wanaposema. Yeye ndiye mwenye jina juu ya santuri, lakini kwa sehemu kubwa ya dakika zile ni mtumishi. Mkono wa kushoto watembea na sauti nzito bila kupumzika. Mkono wa kulia watia neno fupi hapa na pale, kama waitikiaji wamwitikiavyo mwimbishaji katika ngoma. Ndipo msikilizaji atambuapo kwamba chombo kile kilichoitwa mwigaji hakiigi tena kitu chochote. Mabomba hayawezi kusema hivi.

6. Mwisho wa habari

Laurens Hammond alifariki mwaka 1973. Miaka michache baadaye kampuni ikaacha kutengeneza kile kinanda chake mashuhuri kiitwacho B-3, ambacho kilianza kuuzwa miaka ya 1950. Kazi ya kukiunda ilikuwa ya gharama na ya taabu. Tena uzito wake, pamoja na benchi na vibao vya miguu, ulikuwa kama ratili 425, yaani zaidi ya kilo 190. Vinanda vyepesi vya umeme vikachukua nafasi yake.

Lakini sikiliza mambo yalivyogeuka. Watengenezaji wa vinanda vya siku hizi hujitahidi kukiiga kinanda cha Hammond. Wameiga vijiti vya kuvuta. Wameiga mzunguko wa kipaza sauti cha Leslie. Wameiga hata kile kishindo kidogo ambacho mafundi wa kwanza walikionea haya. Hata vinanda vidogo vipigwavyo makanisani kwetu Afrika Mashariki, vingi vina kitufe cha kutoa sauti ya namna hiyo. Aliyeitwa mwigaji sasa ndiye aigwaye.

Jimmy Smith aliendelea kupiga mpaka uzee wake. Mwaka 2005 alipewa heshima ya taifa ya mabingwa wa jazi nchini Marekani, na tarehe 8 Februari mwaka huo huo alifariki katika mji wa Scottsdale, Arizona. Wengi walijifunza kwake. Mmoja wao, Joey DeFrancesco, kijana aliyezaliwa mwaka 1971, alinasa santuri pamoja naye katika siku zake za mwisho.

Wanafunzi, wako watu ambao hukaa wakingoja chombo bora ndipo waanze kazi, nao huulaumu uchache wa walicho nacho. Jimmy Smith alikipokea chombo kilichodharauliwa na wajuzi, akakiuliza swali ambalo wao hawakuliuliza: wewe waweza kusema nini? Kisha akakaa karibu mwaka mzima katika ghala, karatasi ikiwa ukutani, akingojea jibu. Mchagua jembe si mkulima.

Maswali

1. Kinanda cha mabomba hupata sauti kwa njia gani, na kinanda cha Hammond kwa njia gani?
2. Kwa nini mota ya saa ilifaa katika kinanda?
3. Eleza jaribio lililofanywa mwaka 1937. Je, matokeo yake yalikuwa ushindi wa kampuni au la? Toa sababu.
4. Jimmy Smith aliibandika karatasi ukutani kwa faida gani?
5. Taja kasoro moja ya kinanda cha Hammond iliyogeuka kuwa uzuri.
6. Kwa nini wimbo wa dakika 20 haukuweza kunaswa katika upande mmoja wa sahani za zamani?
7. Andika habari fupi ya mtu umjuaye aliyefanya kazi nzuri kwa chombo kilichodharauliwa na wengine.